MASHINE YA ZEGE: NANI ANAIKOROGEA?

(Hotuba iliyotolewa na mwenezi wetu mmoja kijana mbele ya mafundi waashi, maseremala, vibarua wa majengo na vijana wa mji wa Tanga. Tumeichapa kama ilivyosemwa, ila tumepunguza salamu.)



Wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na saruji naiona bado ingali katika nguo zenu. Mtu asijikung'ute, hiyo ni heshima mbele yangu. Mimi nimesomea ualimu, si uashi. Lakini nilipotoka chuoni nilikaa miezi saba nikingoja kupangiwa shule, na miezi ile yote nilikula kwa kubeba karai. Kwa hiyo haya nitakayoyasema leo, mengine nimeyasoma na mengine yamo katika mabega yangu.

Sababu ya mkutano huu mnaijua. Kuna picha ya sinema inayopita katika simu za watu, inaonyesha mashine ikijenga nyumba. Mdomo wa chuma unakwenda huku na huku ukitema zege kama mtu akamuaye dawa ya meno, na ukuta unapanda pasipo tofali, pasipo kamba, pasipo timazi. Chini yake mtu ameandika: "Kwaherini mafundi." Picha hiyo nimeletewa ofisini zaidi ya mara kumi. Sikuishughulikia sana, mpaka alipokuja kijana mmoja wa mtaa wetu akaniambia kwamba ameacha kwenda kujifunza uashi, maana ati baada ya miaka mitano kazi hiyo haitakuwapo. Baba yake alikuwa amekwisha kulipa ada ya muhula mmoja. Hapo ndipo nilipomwomba Bwana Mwenyekiti anipe nafasi hii.

Kabla ya kuja hapa nilimwonyesha picha ile mzee mmoja mwashi. Yupo humu ndani, naye amenikataza kumtaja jina. Aliitazama mara mbili, akanirudishia simu, akauliza neno moja tu: "Na hiyo nani anaikorogea?"

Ndugu zangu, nimesoma makaratasi mengi juu ya mashine hizi, na sijaona swali lililo bora kuliko hilo.

Hebu tuifahamu kwanza jinsi inavyofanya kazi. Nyumba huchorwa ndani ya kompyuta. Kisha programu huikata michoro ile tabaka kwa tabaka, kama mtu akataye mkate wa kumimina vipande vyembamba vya ubapa, na kila tabaka huwa ni njia ambayo mdomo wa mashine utaipita. Mashine yenyewe ni kama fremu kubwa ya chuma inayosimama juu ya kiwanja, au mkono mmoja mrefu ulioshikizwa mahali. Pampu husukuma mchanganyiko katika mpira, mchanganyiko hutoka mdomoni, na utepe wa zege hulala juu ya utepe uliotangulia. Hayo ndiyo yote. Jambo hili si la jana. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Southern California, mhandisi mmoja mzaliwa wa Iran, Behrokh Khoshnevis, alilianza katika miaka ya 1990.

Sasa ugumu uko wapi? Uko katika mchanganyiko. Zege yenu ya kila siku mnaimwaga ndani ya mbao, nazo mbao huishika mpaka ikauke. Zege ya mashine haishikwi na kitu. Yataka iwe laini ya kutosha kupita katika mpira, na ikisha kutoka tu, papo hapo yataka isimame ibebe tabaka la juu yake. Ikiwa nyepesi, ukuta unafura na kuanguka. Ikiwa nzito, inaganda ndani ya mpira, na kazi ya siku nzima inakuwa kuugonga mpira kwa nyundo. Tabaka la chini likikauka mno kabla ya la juu kufika, hayashikani, na pale pamebaki mstari ambao maji yatapita, na tetemeko likija pataachana. Jua la saa nane mchana hapa Tanga na upepo wa bahari mnaujua unavyoinyonya plasta. Mashine haioni jua. Lazima awepo mtu anayeliona, anayeshika mchanganyiko kwa vidole akasema, "Ongeza maji kidogo," au, "Simamisha, tungoje jioni." Mtu huyo wahandisi wana jina lao la kumwita. Mimi namwita fundi.

Tena mashine haichimbi msingi, haifungi nondo za nguzo, haiezeki, haitii madirisha, mabomba wala nyaya za umeme. Inajenga kuta, basi. Nalisema hili kwa sababu ya habari zinazopigiwa tarumbeta. Mwaka 2021 lilifunguliwa darasa huko Malawi, katika wilaya ya Salima, ambalo kuta zake zilichapwa kwa saa 18. Ni kweli, na lilistahili kusifiwa. Kampuni iliyolijenga inaitwa 14Trees, iliyoanzishwa na wenye saruji wa Holcim kwa kushirikiana na shirika la fedha la serikali ya Uingereza. Wenye mradi walisema kwamba Malawi imepungukiwa na madarasa 36,000. Kwa ujenzi wa kawaida yangechukua miaka 70, na kwa mashine miaka 10.

Hapo mimi, kama mwalimu, nilisita kidogo. Madarasa ya nchi zetu hayakucheleweshwa na kuta. Nimefundisha katika shule ambayo kuta zake zilikuwa zimesimama miaka miwili, wazazi walizisimamisha kwa mikono yao kwa majuma machache. Kilichokosekana ni mabati, mbao za kenchi, madawati, na mwalimu wa pili. Mvua ilipokuja tulihamia chini ya mwembe. Ukuta wa saa 18 bado ungetungoja chini ya mwembe huo huo. Simlaumu aliyejenga Salima, nasema tu tujue mashine inapunguza nini na haipunguzi nini.

Wala msidhani mambo haya yako mbali. Kupita Mombasa kidogo, huku huku pwani yetu, katika Kilifi, kampuni hiyo hiyo ilianza mtaa unaoitwa Mvule Gardens, katika mpango wa nyumba 52 uliotangazwa mwaka 2021. Mashine ilitoka Denmark, kwa kampuni ya COBOD, na kwa mashine moja nyumba 10 za mwanzo zilijengwa kwa majuma 10. Mashine imekwisha kufika mlangoni, ndugu zangu. Kubishana kama itakuja au haitakuja ni kupoteza alasiri. Tubishane itakujaje.

Sasa nataka niwapeleke mbele zaidi ya picha ile ya simu, kwa maana mashine ya kutema ukuta ni sehemu ndogo ya habari, na kwa maoni yangu si ile iliyo bora. Waulizeni maseremala waliomo humu: katika kazi ya zege, fedha zinakwenda wapi? Hazimalizwi na saruji. Zinakwenda katika mbao za kukingia, marini, mirunda, misumari, na siku za watu wanaozisimamisha na kuzibomoa. Katika majengo yenye maumbo magumu, mbao peke yake zinaweza kula nusu ya gharama ya kazi ya zege. Na baada ya kutumika mara mbili tatu zinakwenda kupikiwa ubwabwa.

Na mara nyingine zinakula zaidi ya fedha. Katika miezi ile ya karai nilikuwa katika kiwanja kimoja tulipokuwa tukimwaga jamvi la ghorofa ya kwanza. Mirunda ilikuwa ya zamani, mingine imeliwa na mchwa, seremala alisema tangu asubuhi, hakusikilizwa. Saa tisa kona moja ilishuka. Haikuanguka kwa kishindo, ilishuka taratibu kama mtu anayekaa kitini, kisha ikamaliza kwa mara moja. Hakufa mtu. Seremala yule aliyesema asubuhi ndiye aliyevunjika mguu, kwa kuwa alikuwa chini akijaribu kuongeza mrunda. Mwenye kazi simtaji. Lakini siku ile hatukulipwa, tukaambiwa jamvi limeharibika, na yule mwenzetu alipelekwa hospitali kwa mchango wetu sisi.

Kwa hiyo niliposoma kwamba kuna watu wanatafuta njia ya kumwaga zege pasipo mbao, nilisoma usiku kucha.

Watu hao ni wa Uswisi, wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich. Katika mji wa Dübendorf, juu ya jengo la majaribio liitwalo NEST, maprofesa wanane na wajenzi wao walijenga nyumba ya ghorofa tatu, DFAB HOUSE, iliyofunguliwa mwaka 2019. Ndani yake muna ukuta uliopinda kama herufi S, wenye urefu wa mita 12. Ukuta ule haukuwekewa mbao hata moja. Roboti yenye kimo cha mita 2, inayotembea yenyewe kiwanjani, ilikata waya wa chuma, ikaupinda, ikauunga kwa moto, tabaka 335, maungio zaidi ya 20,000, kwa muda wa saa 125. Ikapatikana kama dema la kuvulia samaki, la pande mbili, lenye matundu madogo. Kisha zege ikamiminwa ndani, na kwa kuwa matundu ni madogo na mchanganyiko umepimwa barabara, haikumwagika nje. Dema lile ndilo mbao, na dema lile lile likabaki ndani likawa nondo. Na mwisho, ndugu zangu waashi, sikieni hili: uso wa ukuta ulisawazishwa na watu kwa mwiko. Pamoja na maprofesa wanane.

Juu ya ukuta ule liko jamvi. Hapa naomba mtoe kalamu, maana mimi siwezi kusimama mbele ya watu saa nzima pasipo hesabu. Jamvi la mita za mraba 80, tukilijenga kama tunavyojenga, sentimeta 20 kwenda chini, ni mita za ujazo ngapi? Naam, 16. Mita moja ya ujazo ya zege yenye nondo ina uzito wa kadiri ya tani 2.4. Jumla? Tani 38 na kidogo. Jamvi la Dübendorf lina mita za mraba 80, na uzito wake ni kama tani 15. Nyingine imekwenda wapi? Haikuwekwa. Sisi tunajenga jamvi lenye unene mmoja kila mahali kwa sababu mbao ni bapa, si kwa sababu mzigo uko sawa kila mahali. Wao walihesabu nguvu inapita wapi, wakaweka mbavu za zege pale, na pengine walibakiza ngozi ya milimita 20 tu. Umbo kama hilo seremala hawezi kulitengeneza kwa mbao kwa bei ya kulipika. Wakachapa kalibu kwa mchanga: mashine inatandaza mchanga mwembamba, inanyunyizia gundi mahali panapohitajika, inatandaza tena, hata kalibu ikamalizika.

Nawaambieni pia upande wa pili. Nyumba ile si ya mtu maskini. Ni nyumba ya utafiti, imegharimiwa na fedha za nchi tajiri, na kwa fedha hizo sisi tungejenga mtaa. Mtu akija hapa akawaambia kwamba atawajengea kama Dübendorf kwa bei ya Chumbageni, muulizeni anauza nini.

Lakini lile wazo la kuweka kitu pale tu nguvu inapopita halitaki roboti. Nendeni Kilwa Kisiwani mkatazame kuba za msikiti mkuu, za mawe ya matumbawe na chokaa. Zimo ndani yake karne nyingi na hamna nondo hata moja. Waliozijenga walijua umbo linabeba nini. Elimu hiyo tuliipoteza tulipopata nondo, tukawa tunatia chuma kila mahali kama mpishi asiyejua kupika anavyotia pilipili. Kama kompyuta itaturudishia hiyo, hiyo peke yake ni faida, na fundi mwenye penseli na hesabu nzuri anaweza kuipata nusu yake pasipo mashine.

Kuna habari nyingine ya zamani ambayo yafaa ijulikane, kwa kuwa si mara ya kwanza dunia kuahidiwa nyumba rahisi ya zege. Bwana Thomas Edison wa Marekani, yule wa taa, mwaka 1908 aliomba hati ya uvumbuzi wa kumwaga nyumba nzima kwa mmimino mmoja, kuta, ngazi na dari, ndani ya kalibu za chuma. Hati aliipata mwaka 1917. Nia yake ilikuwa mfanyakazi apate nyumba kwa fedha kidogo. Nyumba kadhaa zilijengwa katika jimbo la New Jersey, na nyingine zingali zinakaliwa. Lakini mpango ulikwama. Kalibu za nyumba moja zilikuwa na vipande zaidi ya elfu mbili, na mkandarasi alitakiwa atoe mtaji mkubwa wa chuma kabla ya kumwaga ndoo moja ya zege. Zege ilikuwa rahisi, kalibu ndiyo iliyokuwa ghali, na aliyeweza kununua kalibu hakuwa na haja ya kujenga nyumba za maskini. Mimi nikiangalia mashine ya Denmark ikisimama Kilifi, namkumbuka Bwana Edison. Si kwa kusema itashindwa. Nauliza tu kalibu safari hii ni nini, na iko mkononi mwa nani.

Kwa maoni yangu kalibu safari hii ni mchanganyiko. Ndiyo nasema mzee wetu aliona mbali.

Yapo makampuni yanayouza unga tayari katika mifuko, wewe unatia maji tu. Ni vizuri kwa anayeanza. Lakini ikiwa kila ukuta wa Tanga utangoje mfuko kutoka ng'ambo, katika mji uliokalia mawe ya chokaa na wenye kiwanda cha saruji, basi mashine itakuwa imetufanya wateja wa mchanga. Na haikulazimu iwe hivyo. COBOD hiyo hiyo pamoja na wenye saruji wa Mexico, Cemex, walitoa dawa ya kutia katika zege ya kawaida, hata nyumba ikachapwa Luanda, Angola, kwa saruji, mchanga na kokoto ambazo karibu zote ni za pale pale.

India wamekwenda mbali zaidi. Vijana waliosoma katika chuo cha ufundi cha IIT Madras walianzisha kampuni yao, Tvasta, wakaunda mashine yao wenyewe na mchanganyiko wao wenyewe, na mwaka 2021 nyumba yao ya kwanza, ndogo, ya futi za mraba 600, ilifunguliwa katika uwanja wa chuo chao mjini Chennai. Mwaka 2023 katika Bengaluru ilifunguliwa posta iliyochapwa, ya futi za mraba 1,021. Hiyo ya posta ilitumia mashine ya COBOD, lakini kazi ilikuwa ya kampuni ya Kihindi, Larsen & Toubro, na michoro ilipitiwa na walimu wa IIT Madras. Mnaona tofauti? Mmoja alinunua mashine, mwingine alinunua mashine na kujua. Wa tatu akajua kabla ya kununua.

Lipo jambo lingine juu ya mchanganyiko, nalo sitaki lipite. Mashine nyingi hutumia mchanganyiko laini usio na kokoto kubwa, na kokoto ikipungua, saruji inaongezeka kwa kila mita ya ujazo. Saruji ni ghali kwetu na ni ghali kwa dunia: kuitengeneza hutoa kiasi cha asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na kazi za binadamu. Kwa hiyo ukuta mwembamba wa mashine waweza kuwa na saruji nyingi kuliko ukuta wako wa tofali. Kuna njia za kuipunguza. Nchi yetu ina pozolana, majivu magumu ya volkano, huko Kilimanjaro na Mbeya, na viwanda vya saruji vimekwisha kuitumia. Wataalamu wa Uswisi, Kuba na India kwa pamoja wamefanya saruji ambayo sehemu kubwa ya klinka hubadilishwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochomwa na unga wa mawe ya chokaa. Udongo tunao, chokaa tumeikalia. Kazi ya namna hiyo ndiyo ningependa kuona vijana wetu wa vyuo wanapewa, badala ya kupelekwa kupiga picha mbele ya mashine siku ya ufunguzi.

Nafika katika jambo zito. Sitawadanganya. Ziko kazi zitakazopungua. Kijana wa kubeba tofali ghorofani, mama anayeteka maji ya kiwanja kwa ndoo, kibarua wa karai kama mimi nilivyokuwa, hao mashine ikija haitawaita. Wengine hapa watasema kazi hizo ni ngumu na za kuumiza mgongo, na zife. Mgongo wangu unakubaliana nao. Lakini kazi ya kuumiza mgongo ndiyo iliyoninunulia sukari miezi saba, na mtu hawezi kula roboti. Ndugu mmoja alisema katika mkutano wa tawi kwamba dawa ni kuikataza mashine isiingie mkoani. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Tukiikataza Tanga itajenga Mombasa na Dar es Salaam, na sisi tutabaki kuwatazama katika simu. Mwingine alisema hii ni hila ya mabeberu. Huyo nilimjibu kwamba saruji yenyewe, na nondo, na baiskeli iliyomleta mkutanoni, vyote vilikuja na meli.

Tunachotaka ni masharti, yaandikwe kabla mashine haijapewa kiwanja, si baada. Mwenye mashine akiomba kazi ya umma, shule au zahanati, aseme ni waashi wangapi wa mahali hapo atawafundisha kuiendesha na kupima mchanganyiko, na wapewe cheti ambacho mkandarasi mwingine atakitambua. Vijana wa kufagia tu kiwanja hawahesabiwi. VETA wapewe nafasi ya kuingia na wanafunzi wao wakati kazi inaendelea. Vipande vya ukuta ule vipelekwe kupondwa katika maabara za hapa nchini, tujue nguvu yake, maana vitakavyokaa chini yake ni vichwa vya watoto wetu. Na bei ya nyumba iliyokamilika itangazwe, pamoja na mabati na milango, si bei ya kuta. Mengine Bwana Mwenyekiti atayapokea kwenu, wala nisiyamalize yote mimi.

Na yule kijana aliyeacha chuo, nilizungumza naye tena juzi. Nilimwambia kwamba anayejua timazi na pima maji, anayejua zege kwa kuishika, akiongezewa kusoma ramani na hesabu za kompyuta, huyo mashine itamtafuta. Na ajuaye kompyuta peke yake itamziba mpira siku ya kwanza. Hakunijibu. Aliniuliza kama chuo kitampokea tena katikati ya muhula. Nimekwenda kuuliza, wamesema watampokea, lakini ada ya mtihani lazima ilipwe kabla ya tarehe 15. Kofia naipitisha sasa hivi, Bwana Mwenyekiti akiruhusu, na naanza mimi.

Neno la mwisho ni tangazo. Kuanzia Jumanne ijayo, saa kumi na mbili jioni, katika chumba hiki hiki, kutakuwa na darasa la kusoma ramani za majengo na hesabu za ujazo, bure, kwa fundi yeyote, mwanamume au mwanamke. Mimi nitafundisha hesabu. Mzee wetu asiyetaka kutajwa amekubali kufundisha mchanganyiko kila Alhamisi, kwa vitendo, uani. Mje na daftari, penseli, na futi ya kupimia. Wa Alhamisi waje na nguo za kazi, na mmoja wenu alete karai, maana la kwangu lilitoboka zamani.